Pete za Kasubi

Ukiingia Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya makabaka, wafalme wa Buganda, pale Kasubi jijini Kampala, macho hupanda yenyewe. Juu hakuna dari. Kuna pete 52, pana chini, zikipungua kadiri zinavyokaribia kilele, na Waganda husema kila pete ni ukoo. Kuliezeka paa hilo ni kazi ya ukoo wa Ngeye, ujuzi unaorithishwa kizazi kwa kizazi.

Mimi nazipenda pete hizo kwa sababu nyingine pia. Paa la msonge lina tabia ya mtu aliyetanua miguu kwenye sakafu yenye povu la sabuni: uzito unashuka, lakini miguu inataka kutoroka nje. Mfunge kamba kwenye vifundo vya miguu, atatulia. Pete za chini zinafanya kazi hiyo. Zinalibana paa lisitawanyike, zenyewe zikivutwa usiku na mchana. Unyasi mmoja hauna nguvu ya kusukuma kitu, ila nyasi zikifungwa fungu moja huvumilia kuvutwa. Mafundi wa Muteesa wa Kwanza, waliojenga hapo mwaka 1882, walilijua hilo kwa mikono yao.

Kwangu mimi, moyo wa uhandisi wa majengo ni huo: kujua panapovutwa. Zege ni jiwe. Likandamize, litabeba, livute, litapasuka. Ndiyo maana tunalitia nondo. Lakini tuziweke wapi? Sakafu ya ghorofa iliyolala juu ya kuta mbili huinama katikati, tumbo lake likavutwa, basi nondo hukaa chini. Roshani iliyochomoza nje ya ukuta huinamia ncha, na kinachovutwa ni mgongo. Pale nondo lazima zikae juu. Chuma ni kilekile na zege ni lilelile, lakini sentimita chache huamua kama roshani itabeba watu au itawaangusha.

Na makosa hapa ni mepesi mno! Vibarua wenye ndoo hupita juu ya nondo, huzikanyaga, zikashuka. Zege likishamwagwa halionyeshi kitu. Nguzo za mikaratusi zilizoishikilia roshani zikiondolewa, ufa huanzia palepale inapoungana na nyumba.

Tarehe 16 Machi 2010 moto uliiteketeza nyumba ya Kasubi. Kazi ya kuirudisha ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO iliyatoa makaburi hayo katika orodha ya urithi ulio hatarini. Pete zimefungwa upya.

Jioni moja huko Kyanja nilimtazama fundi akiwa juu ya roshani ambayo bado ilikuwa chuma kitupu. Alipiga magoti, akazinyanyua nondo zilizokanyagwa, akazifunga kwa waya moja baada ya nyingine, akaziwekea vijiwe chini zisilale tena. Wenye ndoo walikuwa wakimngoja. Alirudi mwanzo, akazishika zote kwa mkono, ndipo akawaambia wamwage.