Signal imejificha: inamlinda nani?

Wandugu, wiki iliyopita tulikuwa na mkutano kwenye intaneti. Nikawafungulia wenzangu ekrani yangu nzima, waone tarehe tulizopatana kwenye Signal. Mmoja akauliza: "Iko wapi? Sisi hatuone kitu." Mimi nilikuwa nasoma mesaje zote wazi. Nikakasirika, nikafikiri mashini imeharibika.

Kumbe ni Signal yenyewe. Tangu mwezi wa 5 mwaka 2025, kwenye Windows 11 inakataa kupigwa kapture, na ulinzi huo unakuja umeshawashwa. Juu ya nini? Juu ya Recall. Microsoft iliitangaza mwaka 2024: programu inayopiga picha ya ekrani kila baada ya sekunde chache na kuzitunza ndani ya mashini, ili utafute baadaye kitu ulichokiona. Watu walipiga kelele, ikacheleweshwa, ikarudi mwezi wa 4 mwaka 2025 kwa wale wanaokubali wenyewe kuiwasha. Sasa fikiria: umepanga mesaje ifutike kesho, lakini picha yake inabaki. Ahadi ya Signal ingekuwa bure.

Microsoft haikuwapa watengenezaji wa aplikasio kama hii njia yao ya kusema "hapa usipige picha". Njo maana Signal iliazima alama inayotumiwa kuzuia watu wasinakili filamu. Hapo naona kasoro ya kwanza. Alama ile haichagui: inaweza kusumbua hata programu zinazowasomea vipofu ekrani au kuwakuzia herufi wenye macho dhaifu. Signal imekiri, na imeacha nafasi ya kuizima kwenye parametre. Lakini mtu asiyeona vizuri analazimishwa kuchagua kati ya kusoma na kulindwa. Lawama kubwa naipeleka Microsoft.

Kasoro ya pili ni yetu sisi watumiaji. Tunaona kufuli, tunalala. Ulinzi huu uko kwa mashini yangu tu. Ninayeandikiana naye akiuzima kwake, au akichukua telefone na kupiga picha ya ekrani, hakuna cha kumzuia.

Hata hivyo naunga mkono uamuzi wa kuuwasha bila kutuuliza. Siku ile ya mkutano, mazungumzo yaliyokuwa wazi yalikuwa ya mama mmoja aliyenielezea, kwa ajili ya memoire yangu, ugomvi wa shamba na shemeji yake. Nilimwahidi kwamba hakuna atakayejua jina lake. Kwa haraka yangu, wenzangu wote wangelisoma. Kama ningepaswa kuwasha ulinzi mimi mwenyewe, nisingeuwasha, maana sikujua hata kama uko.

Lakini yule mama hakuiamini Signal, aliniamini mimi. Sasa nafunga kila mazungumzo kabla ya kuonyesha ekrani. Na wewe, siri za watu unazitunza ginsi gani?