Kitani Hakimwiti Njiwa

Mwezi Juni baadhi ya mashamba ya Uingereza hugeuka buluu. Ni maua ya kitani, hufunguka asubuhi na kufikia mchana petali zake zimeanza kudondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zao hilo lilienea kwa kasi, kwa kuwa Jumuiya ya Ulaya ilimlipa mkulima ruzuku nono kwa kila hekta. Ndipo wawindaji wa njiwa walipoanza kujiuliza swali ambalo bado linaulizwa: shamba la kitani huvuta njiwa wa kutosha, au kulifuata ni kupoteza siku?

Jibu langu ni kwamba kitani chenyewe hakimwiti njiwa. Kinachomwita ni wepesi wa kula, na kitani humpa wepesi huo kwa siku chache tu katika mwaka mzima. Anayezijua siku hizo hufaulu. Asiyezijua hushinda mafichoni akitazama anga tupu.

Tuanze na ndege mwenyewe. Huyu ni njiwa pori mkubwa wa Ulaya, Columba palumbus, mwenye uzito wa takriban nusu kilo, baka jeupe kila upande wa shingo na mstari mweupe katika kila bawa. Uingereza ina zaidi ya jozi milioni 5 za njiwa hawa. Mtafiti R. K. Murton aliwachunguza kwa miaka mingi katika eneo la Carlton, Cambridgeshire, na mwaka 1965 akachapisha kitabu juu yao. Alionyesha kwamba idadi yao iliamuliwa zaidi na chakula cha majira ya baridi kuliko risasi za wakulima. Baadaye kanola ilienea, nayo hubaki kijani wakati wote wa baridi, kwa hiyo msimu wa njaa ukapungua makali. Funzo ni moja: ukitaka kujua njiwa atakuwa wapi kesho, fuata tumbo lake.

Sasa tupime punje. Punje 1,000 za kitani zina uzito wa gramu 6 hivi. Za ngano zinakaribia gramu 50, na za njegere hufika gramu 250. Njiwa anayetafuta gramu 50 za chakula atadonoa njegere 200, au punje 1,000 za ngano, au punje zaidi ya 8,000 za kitani. Hapo ndipo siri ilipo. Njiwa akiwa chini huwa hatarini, hivyo hutaka kujaza upesi kile kifuko cha kooni, kisha aruke kwenda mtini kumeng'enya kwa utulivu. Karibu na shamba la njegere au mabua ya ngano, kitani hushindwa kabla ya mashindano kuanza.

Hii haimaanishi kwamba njiwa hakipendi. Wafugaji wa njiwa wa mashindano huwachanganyia kitani kidogo katika chakula, hasa wakati wa kubadilisha manyoya, kwa sababu takriban asilimia 40 ya punje ni mafuta. Lakini njiwa wa kufugwa huwekewa chakula sahanini. Huyu wa porini lazima akihangaikie.

Na mmea wenyewe haumsaidii. Shina la kitani ni jembamba, haliwezi kubeba ndege wa nusu kilo. Mbegu zimefungwa juu kabisa, ndani ya vifuko vya mviringo vinavyolingana na dengu, kila kimoja kikiwa na mbegu zisizozidi 10. Anayefaidi hapo ni ndege mdogo sana ambaye Waingereza humwita linnet, jina linalotokana na neno la Kilatini linum, yaani kitani. Jina hilo limeshatwambia karamu ni ya nani.

Zinabaki nafasi tatu. Ya kwanza ni upanzi, Machi na Aprili. Mbegu hufukiwa sentimita moja au mbili, na njiwa hapekui ardhi kama kuku, huokota kilicho juu. Kwa hiyo atapata tu zile zilizomwagika pembeni, mashine ya kupandia inapogeuka. Ya pili ni miche inapotoa majani mawili ya kwanza. Hapo huweza kudonolewa, lakini ni kwa siku chache, na kitani kibichi kina linamarini, kemikali ile ile ya muhogo mchungu inayozalisha sianidi. Imepewa jina kutokana na kitani chenyewe. Ya tatu, ambayo naiona bora, ni Agosti na Septemba: pale mvua na upepo vilipolaza mimea, na baada ya mashine ya kuvuna kupita na kuacha mbegu zimetapakaa kati ya mabua.

Mwindaji hodari huanza kazi siku moja kabla, akiwa na darubini badala ya bunduki. Huangalia njiwa wanatoka msitu upi, wanapita juu ya mti gani, wanatua kona ipi ya shamba. Kesho yake hujenga maficho ya wavu chini ya njia hiyo, upepo ukimpiga mgongoni, kwa kuwa njiwa hutua akiuelekea upepo. Mbele yake, umbali wa mita 20 hadi 30, hupanga njiwa wa bandia kwa umbo la kwato la farasi, akiacha uwazi katikati. Mabaka meupe lazima yaonekane, maana ndiyo yanayowaambia walio angani kwamba wenzao wanakula kwa amani. Akishampiga wa kwanza, humpasua kile kifuko cha kooni. Akikuta ngano, basi kitani kilikuwa njia ya kupita tu, na maficho yahamie kwenye ngano.

Lakini kuna jambo lililo juu ya mbinu zote. Huko England njiwa pori hupigwa kwa leseni ya jumla ya kuzuia hasara kubwa ya mazao, wala si kwa ajili ya burudani. Aprili 2019 leseni za aina hiyo zilifutwa baada ya shirika la Wild Justice kuzipinga kisheria, zikaja mpya zenye masharti. Tena si kila njiwa anayeruhusiwa kupigwa: kuna njiwa mwingine mdogo, Streptopelia turtur, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90 tangu miaka ya 1970, naye hula mbegu ndogo ndogo.

Sisi tuna neno kuamia, yaani kulinda shamba ndege wasile mazao. Neno hilo ndilo kipimo changu. Kama njiwa hawali kitani, hakuna cha kuamia, na bunduki haina kazi shambani. Ewe mwenye leseni, kaa kwanza saa moja na darubini yako. Ukiwaona wanatua na kudonoa, jenga maficho. Ukiona wanapita tu, waache wapite.