Molekuli za Uso wa Seli: Uhakiki wa Istilahi Nne za Elimu ya Kinga

Istilahi ya sayansi haitoshi kuwa ya Kiswahili kwa sura tu. Haina budi kumwonyesha msomaji kazi ya kitu kinachotajwa. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi nne zinazohusu seli T za kuua, yaani zile chembe nyeupe za damu zinazoangamiza seli za mwili zilizoingiliwa na virusi, vimelea au saratani. Jambo hili si la wataalamu wa maabara peke yao. Mwalimu wa sekondari huko Kilwa Masoko na mtumishi wa afya anayeeleza malaria katika vijiji vya pwani ya Lindi hutegemea maneno waliyopewa na wafasiri.

Kwanza tuutazame ukweli wenyewe. Mwaka 1974, huko Canberra, Australia, Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walionyesha kwamba seli T za panya huua seli yenye virusi pale tu seli hiyo inapobeba molekuli za uso za aina ileile iliyo katika mwili zilimotoka seli T. Kwa ugunduzi huo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Leo tunajua sababu. Ndani ya seli protini hukatwakatwa, na vipande vifupi, kwa kawaida vya asidi amino 8 hadi 10, hupandishwa usoni vikiwa vimeshikwa na molekuli hizo.

Istilahi ya kwanza ni "molekuli za upatanifu wa tishu". Ni tafsiri aminifu ya jina la kigeni, lakini jina lenyewe lilitokana na majaribio ya upandikizaji, ambamo mwili hukataa tishu ya mwingine. Kazi ya kila siku ya molekuli hizi ni nyingine: kuwasilisha nje habari za ndani. Wachokoaji wa pweza wa Songosongo wangeielewa mara moja. Maji ya bamvua yakitoka, mara nyingi hawamwoni pweza. Huona magamba ya kaa na makombe yaliyotupwa mlangoni mwa tundu lake. Kwa hiyo tunapendekeza "molekuli wasilishi".

Ya pili ni "kutambua kitu kigeni". Maneno haya yanasema nusu tu. Seli T haikisomi kipande peke yake; hukisoma pamoja na molekuli ya mwili inayokishika. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, zina maandishi ya Kiarabu ambayo vina vyake hukamilishana kati ya upande mmoja na wa pili. Anayesoma upande mmoja hajaisoma sarafu. Ni afadhali kuandika "utambuzi wa pamoja".

Ya tatu ni "shabaha". Mpiga shabaha husimama mbali. Seli T hugusana na seli nyingine, ikaipapasa, na nyingi huziacha salama. Kuiita kila seli shabaha ni kuihukumu kabla ya kukaguliwa. Tunapendekeza "seli kaguliwa" kabla ya utambuzi, na "seli lengwa" baada yake.

Ya nne ni "kipokezi". Wako watakaosema kwamba neno hili limekwisha enea katika biolojia, nasi tunakubali libaki. Lakini kitenzi kinachofuata kibadilike: kipokezi cha seli T "hakipokei" antijeni, bali "hushikana" nayo. Hakifanyi kazi peke yake pia. CD8 huishika molekuli wasilishi; molekuli shikizi huzibana seli mbili zisiachane; na molekuli zuizi, kama PD-1 iliyogunduliwa nchini Japani katika maabara ya Tasuku Honjo mwaka 1992, huweza kuisimamisha seli T hata baada ya kutambua.

Madhara ya istilahi legevu huonekana dhahiri katika malaria. Sentensi "seli T huua vimelea vya malaria katika chembe nyekundu za damu" haina kosa la sarufi, ila ni ya uongo. Vimelea vinavyoletwa na mbu huanzia katika ini, na seli za ini zina molekuli wasilishi. Hapo seli T huweza kuvifikia kwa kuua seli iliyovificha. Vikishaingia katika chembe nyekundu, ambazo karibu hazina molekuli hizo, seli T za kuua hupita bila kuona kitu. Msomaji aliyefundishwa "upatanifu wa tishu" hana njia ya kulishuku kosa hilo. Aliyefundishwa "molekuli wasilishi" atauliza mwenyewe: je, chembe hii ina kitu cha kuwasilishia? Istilahi inayomwezesha mwananchi kuuliza swali hilo ndiyo inayostahili kusanifiwa.