Tone Moja la Ubani

Mkunga aliingia na kisanduku cha mbao, akakiweka mezani bila kukifungua. Kwanza alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha mdogo wangu na kungoja uchungu uliokuwa umembana upite. Ulipopita ndipo akauliza taratibu: una pumu? Kifafa? Kuna harufu inayokuchefua tangu ushike mimba? Kisha akafungua faili na kuhakiki mwenyewe.

Ilikuwa hospitali moja ya Uingereza, usiku wa baridi. Mdogo wangu, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na alikuwa akihema mbiombio kama mtu aliyekimbizwa.

Kisandukuni mlikuwa na chupa ndogo za kahawia, rangi inayozuia mwanga usiharibu mafuta. Mkunga alidondosha tone moja kwenye ukanda wa karatasi, akaupitisha mbele ya uso wa mgonjwa wake kwa mbali. Lavenda: mdogo wangu akageuza uso. Chenza: akanyamaza. Kwa ukanda wa tatu alifumba macho, akasema kwa Kiswahili, "Hii ya nyumbani." Ulikuwa ubani.

Sisi ubani tunaujua kwa makaa na chetezo. Huko Dhofari, kusini mwa Omani, wavunaji hukwangua gome la mti, utomvu ukatoka, ukaganda kama machozi, nasi tukauchoma. Huu wa kwenye chupa ulikuwa umepikwa kwa mvuke hadi mafuta yake yakajitenga na maji. Mama alipopiga simu, swali lake la kwanza lilikuwa, "Wamemfukiza?" Nikamwambia, "Wamempa anuse, mama, hakuna moshi."

Tone moja la ubani huo lilikwenda kwenye kitambaa cha pamba, kikalazwa begani. Kitambaa, alinieleza mkunga, huondolewa mara moja harufu ikimchosha mjamzito. Chumba kizima kikishanukia, huna la kufanya.

Chupa ya klari seji hakuigusa kabisa. Wakunga huamini mafuta hayo huongeza nguvu ya uchungu, na mdogo wangu tayari alikuwa na dripu ya oksitosini, inayofanya kazi hiyo hiyo.

Kisha akaandaa mafuta ya kukanda. Kwenye kibakuli cha kauri alimimina mililita 10 za mafuta ya mbegu za zabibu, akainamisha chupa ya ubani na kusubiri. Hakuitikisa. Tone la kwanza likaanguka, la pili likafuata. Matone mawili ya chenza yakaja baada yake. La tano lilikuwa limeshaning'inia mdomoni mwa chupa, likitetemeka. Akaisimamisha chupa na kulifuta kwa pamba. Manne kwa mililita 10 yalitosha, na hakuzidisha hata kidogo.

Aliyapasha mafuta moto kwa viganja vyake. Vidole vikatafuta mfupa bapa ulio juu kidogo ya makalio, vikautambua. Uchungu ulipoanza kupanda, alinyoosha mkono na kuuegemeza mwili wake wote pale, akitoa pumzi ndefu inayosikika, mpaka mdogo wangu naye akaanza kuifuata. Uchungu ukishuka, mkono ulilegea, ukapanda na kushuka mgongoni polepole. Macho yake hayakuwa kwenye mgongo. Yalikuwa kwenye mabega, yanakoanzia hofu. Alifanya hivyo kwa zaidi ya saa moja, na uzito wa mkono wake haukupungua.

Hakuahidi kuondoa maumivu, na gesi ya kuvuta ilibaki pale pale karibu. Katika utafiti mkubwa uliofanyika Oxford kati ya 1990 na 1998, ukihusisha akina mama 8,058, takriban nusu walisema mafuta ya aina hii yaliwafaa, na asilimia 14 wakasema hayakuwafaa. Naamini mkunga huyu alifanya kazi akiwakumbuka wote wawili, anayefaidika na asiyefaidika.

Karibu na alfajiri mdogo wangu alinong'ona kwamba harufu imemkifu. Mkunga hakubisha wala hakuuliza kwa nini. Kitambaa kiliingia mfukoni na mfuko ukafungwa, dirisha likafunguliwa kiasi cha vidole viwili. Akaandika kwenye faili: mafuta gani, matone mangapi, saa ngapi. Kisha akachovya taulo kwenye maji ya uvuguvugu na kumpangusa mdogo wangu shingo, mabega na kifua, ili mtoto akiwekwa pale akute harufu ya mama yake peke yake.