Billy Eckstine: Je, Kuimba Mapenzi ni Kukimbia Mapambano?

Wahakiki wengi wa jazi wamezoea kumkata Billy Eckstine vipande viwili. Kipande cha kwanza wanakisifu: kiongozi wa bendi kubwa ya mwaka 1944 hadi 1947, walimopitia Dizzy Gillespie, Charlie Parker, Art Blakey na binti mmoja aitwaye Sarah Vaughan. Cha pili wanakibeza: mwimbaji wa nyimbo za taratibu za mapenzi, suti safi, fidla nyuma yake, noti mfukoni. Eti aliiuza sanaa! Mimi naona wahakiki hawa wamesikiliza ala wakasahau jamii iliyokuwa inasikiliza.

Marekani ya wakati ule iligawa hata nyimbo kwa rangi. Mweusi alitazamiwa aimbe bluzi au achekeshe watu; kubembeleza kwa sauti laini waliachiwa akina Bing Crosby na Frank Sinatra. Eckstine, mzaliwa wa Pittsburgh (1914), aliingia bendi ya Earl Hines mwaka 1939, na santuri iliyomtangaza ni "Jelly, Jelly" ya 1940. Bluzi, bila shaka. Lakini roho yake ilikuwa kwenye nyimbo za taratibu, na alipoingia MGM mwaka 1947 akazipata. Akasimama wima, hachekeshi mtu, anatamka mapenzi kama mtu mzima mwenye haki ya kupenda. Anamwambia nani? Yeyote mwenye redio. Sasa jamani, hayo si maudhui?

Majibu yalikuja. Tarehe 24 Aprili 1950 jarida la Life lilichapa picha iliyopigwa na Martha Holmes: wasichana weupe wamemzunguka, mmoja amemwegemea kifuani, wote wanacheka. Picha ya furaha tupu, lakini iliwachoma wengi na ikamgharimu. Sinatra alipewa filamu nzima acheze, Eckstine katika "Skirts Ahoy!" ya 1952 alipewa wimbo, akauimba, basi. Mwaka mmoja kabla alikuwa amevuma na "I Apologize", yaani naomba radhi. Mtu anajiuliza nani alipaswa kumwomba nani.

Simtetei kwa kila kitu. Sauti yake nzito ina tabia ya kulitikisa neno la mwisho wa mstari, na kuna mahali anazidisha mno. Katika baadhi ya rekodi za MGM fidla zimejaa hadi yeye mwenyewe anakuwa kama mgeni aliyekuta viti vyote vimekaliwa. Anayechoka hapo simlaumu.

Ila achukue rekodi alizofanya na Sarah Vaughan mwaka 1957, albamu ya nyimbo za Irving Berlin. Hapo utasikia anavyolichelewesha neno, pigo linapita, halafu analidondosha panapostahili, naye Vaughan analidaka na kuligeuza. Hiyo si mbinu ya mwimbaji aliyezoea fidla. Ni kazi ya wapigaji waliokesha pamoja katika bendi ileile wanayoisifu wahakiki wetu. Alifariki tarehe 8 Machi 1993, mjini kwao Pittsburgh, na bado kuna vitabu vya historia ya jazi vinavyomwacha mwaka 1947, bendi ilipovunjika.