Chungu Kisichopikiwa

Ukitaka chungu Kariakoo, hukosi. Vya kupikia samaki vipo, mitungi ya maji ipo, vyetezo vimepangwa chini, na bei mnaelewana. Jina la aliyefinyanga haliulizwi. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, naye anafinyanga vyungu. Vyake vimo British Museum, na watu husoma jina lake kabla hawajakitazama chungu.

Jibu la haraka ni kwamba yeye ni msanii, hao wengine ni mafundi tu. Silikubali. Odundo alikwenda Uingereza mwaka 1971, lakini somo lililomkaa mikononi alilipata Abuja, Nigeria, mwaka 1974, kwa wanawake wa Kigwari akiwemo Ladi Kwali. Hadi leo hatumii gurudumu. Hupandisha udongo kamba juu ya kamba, huuparua, huupaka uji mwembamba wa udongo, kisha husugua mpaka ung'ae. Moto wa kwanza hukipa chombo rangi ya chungwa. Vingine hurudishwa tanurini na kunyimwa hewa, vikatoka vyeusi. (Hivyo vyeusi ndivyo vyangu. Vya chungwa vinapendeza mno, jicho linateleza.)

Mfinyanzi yeyote wa kijijini angeitambua kazi hiyo. Alichofanya Odundo ni kuliondoa jiko na kuubakiza mwili: tumbo lililojaa, shingo iliyoinama, mdomo uliopanuka kama wa mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Mapambo ni vinundu vichache tu, kama kitovu au pingili za uti wa mgongo. Vingi hakuvipa hata jina. Wanaomsifu kwa kuwa "Mwafrika halisi" wanampunja, maana amejifunza pia kwa wafinyanzi wa San Ildefonso, New Mexico, na chombo kimoja chake kinaweza kuwa na ukoo wa mabara matatu.

Hata hivyo, kuna kitu amekilipia. Mtungi hupoza maji kwa sababu unavuja kidogo kidogo. Unyevu hupenya udongo, ukakauka nje, ukaondoka na joto. Ukiugusa mchana, umelowa. Chungu cha Odundo kimesuguliwa, kimewekwa nyuma ya kioo, hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Kina tumbo, kina shingo, kina mgongo. Jasho hakina.