Uvumilivu wa mke anayepigwa: kusoma tena «Amoris Laetitia»

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alitia sahihi barua yake juu ya mapendo katika jamaa tarehe 19 Machi 2016. Wengi wetu tunaitumia kwa kutayarisha mahubiri ya ndoa. Lakini tunaisoma namna gani?

Sura ya nne inafasiri maneno ya Mtakatifu Paulo juu ya mapendo (1 Kor 13). Tunapenda sana mahali panaposemwa kwamba mapendo yanavumilia yote, na tunampelekea mbio mke aliyekuja kwetu na jicho la kuvimba. Namba 92 tunairuka. Kumbe ndipo Papa anapokataza wazi: kuvumilia si kukubali kuteswa siku zote wala kupigwa. Namba 241 inaongeza kwamba mara nyingine kutengana ni lazima, ili kumwokoa mke na watoto. Wala si fundisho jipya: Kanuni 1153 ya mwaka 1983 ilikwisha kutoa ruhusa hiyo.

Upungufu wa barua, kwa maoni yangu, ni huu: inatetea vizuri mwili na heshima ya mke, lakini inasema machache juu ya ugonjwa ambao fimbo inauacha rohoni.

Tufikiri mama mmoja wa Kamatanda, kule Likasi, ambaye bwana wake anachimba shaba. Siku moja bwana anarudi na franga, siku nyingine mikono mitupu. Mama anasikiliza hatua zake mlangoni, apate kujua kama amekunywa ao hapana. Hata siku asipopigwa, moyo hautulii. Hapati usingizi, anasahau chungu motoni, hacheki tena na watoto, mwisho anawaza kufa. Sisi tunasema: ni pepo, ao imani imepungua. Waganga wanasema: depresioni. Shirika la Afya la Ulimwengu lilitangaza mwaka 2013 kwamba wanawake wanaotendewa jeuri na waume wanapatwa na ugonjwa huo karibu mara mbili kuliko wengine. Na katika Kongo yetu, uchunguzi wa 2013-2014 ulikuta kwamba wake 57 kwa 100 walikwisha kutendewa jeuri na mume, kwa maneno, kwa mapigo ao kitandani.

Basi mama huyo akibisha mlangoni petu, mahubiri yangoje. Tumuulize kama analala usiku, kama anaogopa kurudi, na nani wa jamaa yake anaweza kumpokea leo. Kisha tumsindikize kwa munganga.